Mzingile Uwanjani: Ni Ibada, ni Mchezo, au ni Hasara?

Tumepokea barua ya mzee mmoja, mkulima na baba wa familia, ambaye mwaka jana alisafiri mpaka Kanada kumtazama binti yake aliyeolewa huko. Siku moja, katika jiji la Toronto, mjukuu wake, mtoto wa miaka saba, alimshika mkono akampeleka katika bustani ndogo iitwayo Trinity Square Park, iliyo nyuma ya jengo kubwa la maduka, kando ya kanisa la Waanglikana. Hapo chini, katika sakafu ya bustani, limechorwa kwa mawe duara kubwa lenye njia nyembamba ya kupindapinda. Ndani yake watu wazima walikuwa wakitembea polepole, kimya, wakizunguka na kurudi na kuzunguka tena. Mmoja alikuwa amebeba mkoba wa kazini. Mwingine alikuwa mama mzee mwenye mkongojo. "Babu, nasi tuingie," alisema mtoto. Mzee wetu akakataa. "Nalimjibu," aandika, "ya kuwa mtu mwenye akili zake hatembei ila ana mahali anapokwenda." Basi mtoto akaingia peke yake, na babu akakaa juu ya benchi akimshikia koti lake.

Toka siku ile jambo hili limemkaa moyoni, naye atuuliza mambo matatu. Je, kuzunguka kule ni ibada ya dini fulani, hata Mkristo aogope kuingia? Je, ni haki mji kutumia mali ya wote kwa ajili ya njia isiyompeleka mtu sokoni wala kisimani, ilhali kijijini kwake wanawake huchota maji mbali? Na swali la tatu ameliandika chini kabisa, baada ya jina lake, kama mtu aonaye haya: je, nalimkosea yule mtoto?

Tumeona vema kumjibu hadharani, kwa sababu jambo hili si la Toronto tu. Katika miji mingi ya Marekani, Kanada na Ulaya, watu wa mtaa hukutana siku ya mapumziko wakiwa na kamba, chokaa na ndoo za rangi, wakachora duara la namna hiyo juu ya sakafu ya saruji katika bustani ya umma, au katika kiwanja cha zamani cha mchezo kisichotumika tena. Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Mei, wapenzi wa michoro hiyo katika nchi mbalimbali huitembea saa saba mchana, kila mmoja kwa saa za nchi yake. Na wako ndugu zetu wengi wanaoishi katika miji hiyo. Watoto wao watawashika mikono vivyo hivyo.

Kwanza tupate jina. Lugha yetu ina neno la zamani, mzingile-mwambiji, maana yake njia za kupindana zenye kumtatiza mtu, fumbo lisilofumbuka upesi. Sisi tutasema mzingile tu, ila kwa sharti moja. Kuna mzingile wa njia nyingi, wenye vichochoro vilivyozibwa mwishoni, uliotengenezwa makusudi ili mtu apotee. Na kuna huu tunaousema, wenye njia moja tu, isiyo na njia panda hata moja. Aingiaye hawezi kupotea. Hachagui kushoto wala kulia. Atie mguu mbele ya mguu, atafika katikati, kisha atageuka na kutoka kwa njia ile ile. Watu wengi wamezichanganya namna hizi mbili, nao huogopa ya pili kwa makosa ya ile ya kwanza.

Tuje katika swali la ibada. Mchoro wenyewe ni wa kale kuliko Kanisa. Wayunani walisimulia juu ya nyumba ya kupotea iliyokuwa katika kisiwa cha Krete, na mji wa Knossos ulipiga chapa ya mzingile juu ya fedha zake karne kadhaa kabla ya Kristo. Lakini Wakristo hawakuuacha mchoro huo kwa wapagani. Wasomaji wengi watashangaa kusikia kwamba mzingile wa kale kuliko yote unaojulikana katika kanisa ulikuwa katika bara letu la Afrika. Katika mji uitwao leo Chlef, nchini Algeria, ilijengwa Basilika ya Mtakatifu Reparato mwaka 324, na sakafuni mafundi walipanga mzingile wa vijiwe vya rangi. Katikati yake wakatia herufi za maneno mawili ya Kilatini, maana yake Kanisa Takatifu, zilizopangwa kwa ustadi hata mtu aweza kuzisoma kuanzia katikati akielekea pande nyingi. Ulikuwa mdogo mno kutembewa. Ulifuatwa kwa macho.

Mikubwa ilikuja baadaye, huko Ufaransa. Ule wa kanisa kuu la Chartres, uliotiwa sakafuni mwanzoni mwa karne ya 13, ungaliko hata leo. Upana wake ni karibu mita 13, na njia yake, ukiinyosha, ni mita 260 hivi, imekunjwa katika mizunguko 11. Siku nyingi viti huufunika, lakini Ijumaa za Kwaresima na za miezi ifuatayo viti huondolewa, na watu huingia.

Hapa twapenda kusema kweli, hata kama kweli yapunguza utamu wa hadithi. Mara nyingi husimuliwa kwamba Wakristo wa zamani wasioweza kwenda kuhiji Yerusalemu waliutembea mzingile kwa magoti badala ya safari ile. Yawezekana wako waliofanya hivyo. Lakini habari hiyo tumeletewa na waandishi wa karne za baadaye. Hakuna hati ya zama zile zenyewe, tangu ulipojengwa Chartres, inayosimulia hivyo. Basi asiwepo mtu wa kutuambia kwamba mzingile ni ibada ya lazima iliyosahauliwa, au kwamba kuuzunguka kwaponya maradhi. Tumeyasikia maneno hayo yakisemwa, na hatuna sababu ya kuyaamini. Hao wanaoupaka bustanini leo wamefuata kwa sehemu kubwa mfano wa mhubiri mmoja wa Kiepiskopali, Lauren Artress, wa kanisa kuu la Grace huko San Francisco, ambaye mwaka 1991 alitembelea Chartres, kisha aliporudi ikatengenezwa nakala iliyopakwa rangi juu ya turubai. Wengine huingia kwa sala, wengine kwa kutuliza mawazo, watoto kwa mbio. Mzingile haumuulizi mtu dini yake. Mkristo akiingia akisali Rozari, amesali Rozari. Akiingia akihesabu hatua zake, amehesabu hatua zake. Hatuoni hofu yo yote hapo.

Lakini yako mambo mawili katika historia hiyo ya Ufaransa ambayo twayaona kuwa na uzito kuliko swali la wapagani. Katika kanisa kuu la Auxerre, siku ya Pasaka, makanoni walikuwa wakishikana mikono, wakicheza kuuzunguka mzingile huku wakiimba, na mkubwa wao akirushiana mpira nao. Ndiyo, mpira, kanisani, siku ya Pasaka, na wanaoucheza ni mapadre wenye heshima zao! Desturi ile ilikomeshwa mwaka 1538, na baadaye mzingile wenyewe ukaondolewa. Huko Reims ulikuwapo mwingine mzuri sana, wenye sanamu za mafundi waliolijenga kanisa. Mwaka 1779 makanoni waliung'oa. Sababu gani? Watoto na watu wasio na kazi walikuwa wakiufuata kwa miguu wakati wa ibada, wakapiga kelele.

Hatutaki kuwahukumu makanoni wa Reims kwa urahisi. Mtu anayejua kuhubiri huku watoto wakikimbia nyuma ya nguzo atawahurumia. Lakini fikirini: kwa zaidi ya miaka 400 jiwe lile lilivumiliwa na maaskofu, wafalme waliotawazwa mahali pale, na mahujaji, na mwisho wake lilishindwa na kelele za watoto. Mtu angaliweza kuwafundisha watoto saa za kucheza na saa za kunyamaza. Ilionekana rahisi zaidi kuiondoa njia. Twaona kwamba ndivyo tufanyavyo hata leo, si makanisani tu bali hata mijini: mahali pakipendwa na watoto, twalalamika kelele, twapafunga, kisha twashangaa kwa nini vijana hukaa barabarani.

Sasa swali la pili, ambalo ndilo gumu. Mzee wetu hauliza kwa ubahili. Yeye ajua uzito wa ndoo ya maji kichwani, na ana haki ya kuuliza. Basi tumjibu bila kuzungukazunguka, maana si hapa pa kuzunguka. Mji wenye fedha za kisima kimoja tu uchimbe kisima. Mtoto mwenye kiu hafarijiwi kwa rangi. Atakayepaka mzingile kwa fedha zilizotengwa kwa ajili ya zahanati ametenda dhuluma, hata kama mzingile wake ni mzuri kama wa Chartres.

Je, ndivyo mambo yalivyo mara nyingi? Twaona sivyo. Mzingile wa rangi juu ya sakafu ambayo tayari ipo wahitaji ndoo chache za rangi, burashi, kamba, na siku mbili za watu wanaojitolea. Fedha hizo, zikikosa kutumika hivyo, hazigeuki kuwa kisima. Aghalabu zageuka kuwa kiti kipya cha mkubwa, au hazikuwapo kabisa. Tukumbuke karamu ya Bethania, ambapo mwanamke alimwaga marhamu ya thamani, na mmoja akasimama kuwatetea maskini kwa sauti kubwa, akiisha kukadiria bei kuwa dinari 300. Mwinjili Yohane atueleza kwamba mtetezi yule ndiye aliyeshika mfuko, na alikuwa na mazoea yake katika mfuko ule. Maskini hutajwa mara nyingi na watu wasiowapa kitu. Tena twasema: maskini naye hahitaji chakula tu. Tajiri ana bustani yake nyuma ya ukuta. Akitaka kutembea bila haja, atembea, wala hakuna amwitaye mvivu. Ni yule tu anayekaa katika chumba kimoja na watoto watano ambaye twamdai kila hatua yake iwe na faida. Yeye akipumzika, twasema amepoteza wakati. Huo ndio udhalimu unaofichwa ndani ya neno hasara, nasi twaogopa kwamba wengi wetu, wenye nia njema kabisa, tumelitumia hivyo.

Na uwanja wa umma usiotumiwa mbele ya macho ya watu, upesi hupata mwenyewe. Hatuhitaji kwenda Ulaya kupata mfano. Mwaka 1989 jirani zetu wa Nairobi waliambiwa kwamba ndani ya Uhuru Park, bustani ya watu wote, litajengwa jengo la ghorofa 60, lenye makao ya chama kilichotawala na ya gazeti lake. Kwa wenye mpango, pale palikuwa majani matupu yasiyoingiza kitu. Mama Wangari Maathai aliandika barua kwa serikali na kwa wageni wenye mitaji. Alitukanwa na kudhihakiwa bungeni. Lakini jengo halikujengwa. Alichokitetea hakikuwa shamba wala kiwanda. Alitetea mahali ambapo mtu asiye na kitu aweza kukaa Jumapili na watoto wake pasipo kuombwa kiingilio. Mzingile wa rangi hauwezi kumzuia mnyang'anyi wa ardhi, hatusemi hivyo. Lakini mahali palipopakwa rangi na mikono ya watu mia, na panapotembewa kila jioni, ni vigumu kupaita ardhi tupu.

Hata hapa tungali twautetea mzingile kwa faida zake, kana kwamba twaona haya kuutetea kwa jinsi ulivyo. Tumtazame basi mtu aliye ndani yake. Katika mchoro wa Chartres, aingiaye hupelekwa mapema sana karibu na katikati, kiasi cha hatua chache tu. Hudhani amefika. Mara njia humgeuza, ikamchukua mbali, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ukingoni kabisa. Na akiwa pale nje, akidhani amepotelea mbali, ndipo amekaribia mwisho wa safari. Watu wawili huenda wakitembea bega kwa bega kwa kitambo, mmoja ndiyo kwanza ameingia, mwingine yu karibu kufika. Wanaowatazama toka kwenye benchi hawawezi kujua ni yupi. Mara waachana, kila mmoja upande wake. Hakuna awezaye kumpita mwenziwe ila kwa kumpisha. Mwenye haraka akimkuta nyuma ya mzee mwenye mkongojo, hana budi kupunguza mwendo au kuomba njia kwa adabu. Nasi twauliza: ni mahali gani pengine mjini ambapo mwenye mkoba wa kazini na mwenye mkongojo hupitia njia moja, kwa kipimo kimoja, bila mmoja wao kuwa mteja wa mwingine?

Kazi ya kuupaka yenyewe ina somo lake, na kwa kuwa huenda parokia au shule fulani ikapenda kujaribu, tutaieleza kidogo. Mchoro ulio rahisi kuliko yote ni ule wa mizunguko saba, wa zamani kama fedha za Knossos. Chora msalaba. Katika kila pembe ya msalaba chora pembe ndogo kama ya mraba, na ndani ya kila pembe hiyo weka nukta. Sasa una ncha 16, ukihesabu ncha nne za msalaba, ncha nane za zile pembe, na nukta nne. Anza juu: unganisha ncha ya juu ya msalaba na ncha ya pembe iliyo jirani yake kulia, kwa upinde mdogo, kisha ncha inayofuata kushoto na ile inayofuata kulia, kwa upinde mkubwa kidogo juu ya ule wa kwanza, hivyo hivyo mpaka umemaliza ncha zote. Pinde nane zimekwisha, na njia saba zimetokea zenyewe. Mtoto aliyezoea kuchora miraba ya makaa uani na kuirukia kwa mguu mmoja atajifunza kwa nusu saa, pengine kabla ya mwalimu wake.

Juu ya saruji, sakafu ioshwe na kukauka kwanza, la sivyo rangi itabanduka baada ya mvua ya pili. Alama zitiwe kwa chokaa, kwa kamba iliyofungwa katika kigingi. Njia iwe na upana wa sentimita 90 hivi, ili kiti cha magurudumu kipite. Basi mzingile mzima utafika mita 14 au zaidi. Rangi ichanganywe na mchanga laini kidogo, watu wasiteleze. Tumeona michoro mingi ya kupendeza yenye njia nyembamba kiasi cha kumfukuza mlemavu, na hilo latuudhi, kwani lapingana na sababu yote ya kuuweka uwanjani.

Wala rangi haidumu. Jua na nyayo zitaifuta kwa miaka michache, na wengine wataona hiyo ni hoja ya kutoanza. Katika mji wa Saffron Walden, Uingereza, upo mzingile uliochimbwa katika majani ya uwanja wa wote, mkubwa kuliko mingine yote ya namna hiyo nchini humo. Njia yake yakaribia maili moja. Majani yakiachwa, huumeza. Hesabu za mwaka 1699 zaonyesha fedha zilizolipwa ili uchimbwe upya, na tangu hapo umefufuliwa mara kadhaa, na watu wasiowajua wale wa kwanza. Mingine mingi ya Uingereza imepotea kwa sababu kizazi kimoja tu kilisahau.

Limebaki swali la tatu. Mzee wetu, tungaliweza kukuambia kwamba hukukosa, maana hukujua. Lakini hukutuandikia ili tukubembeleze. Mtoto hakukuomba maelezo juu ya faida. Alikuomba mkono wako kwa muda wa robo saa, naye akaenda peke yake. Hilo ni kosa dogo, la aina ambayo sisi wazazi twalitenda mara nyingi kwa siku, na dawa yake si ngumu. Watuambia kwamba binti yako amekualika tena, penye majaliwa. Ukifika, usingoje kuombwa. Mwambie, "Mjukuu wangu, nipeleke kule." Mwache atangulie, yeye ndiye mwenyeji. Atakwenda mbio, atafika katikati kabla yako, na atakuwa akirudi wewe ungali waingia. Mtakutana kwenye kona, nayo njia ni nyembamba. Hapo, Babu, ndiwe utakayempisha.